Kisulisuli kimeezua mapaa kijijini: mliowahi kukagua uharibifu, tupeane uzoefu

Mwanakijiji wa Magu
Wakuu, habari za saa hizi. Juzi jioni wingu jeusi lilitokea ziwani, ukaja upepo wa kuzunguka, ukakatiza kitongoji chetu na kutokomea. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyefariki, ila kuna kaya hazina paa, na darasa moja la shule ya msingi pia. Nimewekwa kwenye kamati ya kukagua. Kuna nyumba imebaki kuta tupu, na kwa jirani yake hata nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Waliopitia haya: mlianzia wapi, na nini mlikuja kugundua mmekisahau?

Fundi Sengerema
Poleni sana mkuu. Mimi ni fundi ujenzi, na kijijini kwetu niliitwa kuangalia mapaa baada ya upepo kama huo. Usiangalie bati tu, angalia paa lilipong'okea. Tulikuta bati limeangukia shambani kwenye mihogo likiwa bado na papi zake (mbao zinazopigiliwa bati), misumari haijalegea hata kidogo. Maana yake bati lilishika vizuri. Kilichokosekana ni cha kuishikilia kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ukutani. Ilikuwa imelazwa tu juu ya tofali za udongo, hakuna lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), hakuna waya. Nyumba zilizosimama, fundi alizamisha waya ndani ya ukuta kozi (mistari ya tofali) kadhaa chini, kisha akafungia mbao. Waya wa kufungia ni bei ndogo mno ukilinganisha na bati, inauma sana kuona watu wamelala nje kwa sababu hiyo. Kamati ikiandika "nyumba imeezuliwa" ikaishia hapo, watapewa bati na watajenga vilevile.

Mwalimu wa Jiografia, Misungwi
Fundi kamaliza upande wa nyumba. Mimi naongeza njia ya upepo wenyewe. Tembeeni kuanzia mti wa kwanza ulioanguka hadi wa mwisho, mkichora kila mmoja umelalia wapi. Fanyeni mapema, kabla watu hawajaikata kuni. Miti yote ikiwa imelalia upande mmoja au imetawanyika kama vidole, huo ni upepo ulioshuka kutoka kwenye wingu la radi. Ikiwa imeanguka kuelekea katikati ya ukanda mwembamba, kilikuwa kisulisuli kweli.

Marekani hukadiria nguvu ya kisulisuli kwa kipimo cha EF (Fujita kilichoboreshwa), kilichoanza kutumika huko 2007 badala ya kile cha Profesa Fujita cha 1971. Hakuna anayepima upepo pale, wanasoma uharibifu. Daraja la chini, EF0, ni upepo wa kilometa 105 hadi 137 kwa saa. Lakini vigezo vyake 28 vimetokana na majengo na miti ya kwao. Ukuta wetu wa tofali za udongo unaweza kulala kwa upepo mdogo zaidi, kwa hiyo msikimbilie kuandika daraja. Andikeni mlichokiona na picha ya kila upande.

Mdau Ilemela
Waya wa umeme ukiwa chini msiusogeze, hata kama kijiji kizima kiko gizani. Pigeni simu kwanza, ukaguzi baadaye.

Dada wa Ukerewe
Poleni jamani. Huku kisiwani visulisuli vya maji tunaviona ziwani, na kuna mwaka kimoja kilipanda hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Kamati ilikuja ikahesabu nyumba. Chanja zetu za kuanikia dagaa zilikuwa zimepeperuka, nyavu zimesokotana na matawi, dagaa wa wiki nzima kwenye matope. Hakuna aliyeandika, kwa sababu hazina kuta wala namba ya nyumba. Wengi wetu tuliopoteza ni wanawake, tena tulikuwa tumekopa kwenye vikundi, na marejesho hayakusubiri. Kaka, nakuomba pita mwaloni pia. Muulize kila kaya ilikuwa inakula nini na inauza nini kabla ya upepo.

Mwanakijiji wa Magu
Asanteni sana. Dada, mwalo hatukuwa nao kwenye orodha kabisa, nimeuongeza sasa hivi. Fundi, darasa lile lina lenta lakini paa limeondoka na kenchi. Niangalie nini?

Fundi Sengerema
Panda ngazi utazame juu ya lenta. Kama hakuna ncha za waya au nondo zilizochomoza, hawakufunga. Kama zipo na zimekatika, zipige picha kwa karibu na uangalie kutu.