Naomba ushauri: tovuti yetu inaomba michango, haimleti mtu msituni

Wadau, salaam. Najitolea kwenye shirika dogo lisilo la faida linalohifadhi ardhi, na nimekabidhiwa kazi ya kuisuka upya tovuti yake ili watu waje kutembea kwenye maeneo tunayoyatunza.

Ya sasa inafunguka na picha ya machweo ya megabaiti 6, kisha historia ya bodi, kisha kitufe cha kuchangia. Ramani ya njia ipo, ila ni PDF ya kurasa 14. Kwenye simu unaivuta kwa vidole mpaka unachoka. Juzi nilimpa shangazi simu atafute pa kuegesha gari. Baada ya dakika nne akanirudishia: "Hivi hawa wanataka wageni kweli?"

Nawaza kila eneo liwe na ukurasa wake: urefu wa njia, miinuko, vyoo, kama kiti cha magurudumu kinapita, tope likoje mvua ikinyesha. Ramani nitaijenga juu ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), haina ada ya leseni, pamoja na faili ya GPX (yenye mchoro wa njia, hufunguliwa na programu za ramani kwenye simu) ya kupakua mapema maana mtandao hupotea humo ndani.

Nilipokwama ni hapa. Kuna bonde ambalo ndege hutaga chini kwenye nyasi. Nikilitangaza, litakanyagwa, nikilificha, watu wataingia bila kujua. Ninyi mngeonyesha tu kwamba njia imefungwa msimu huo, bila kusema sababu? Na kitufe cha michango, mweka hazina anakitaka juu kabisa (hapo hataki mjadala). Kuna aliyewahi kukishusha na michango isipungue?