Mafundi kompyuta, pimeni kwanza ndipo mtuambie "maza imekufa"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Nina steshenari Mbagala. Mashine ninayoitegemea ni moja tu, desktop ya mtumba ya zile za maofisini, na humo ndimo zinamotoka CV za watu, barua za maombi, ripoti za wanafunzi wa field, kila kitu. Wiki mbili zilizopita usiku umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi tena. Asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Feni haizunguki, taa haiwaki. Nikachomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, simu ikachaji. Nikachomoa waya wa mashine ya fotokopi nikauhamishia kwenye kompyuta, bado kimya. Hapo nikajua tatizo liko ndani, nikaipakia kwenye bajaji mpaka Kariakoo.

Fundi akafungua keisi, akapuliza vumbi kwa blowa, akabonyeza kitufe mara mbili, akainua uso. "Maza imekufa hiyo, mama." Maza ni motherboard, ule ubao mkubwa wa ndani ambao vifaa vyote vimeunganishwa nao.

Dakika tano hazijaisha! Nikamuuliza, "Umejuaje, kaka?" Akanijibu kwamba kazi hii ameifanya miaka kumi, akiitazama mashine tu anajua. Multimita, ile mita ya kupimia umeme, ilikuwa palepale mezani, hatua moja kutoka mkononi mwake, na hakuigusa. Maza 160,000, ufundi 20,000. Nimwachie mashine, spea ataifuata kwa mwenzake.

Nikamwachia. Siku ya kwanza njoo kesho. Siku ya pili spea haijafika. Siku ya tatu simu haipokelewi. Wateja wangu wote wamehamia duka la ng'ambo ya barabara, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa na ripoti yake kwenye mashine ile amekuja kulia mbele yangu kwa sababu tarehe ya kukusanya imefika. Siku ya nne nikaenda mwenyewe nikasema naitaka mashine yangu kama ilivyo. Akanidai 15,000 ya "kuiangalia". Nikalipa ili niondoke nayo.

Jioni ile akaja mpwa wangu, kijana wa umeme, ana multimita ya bei rahisi kabisa. Hakuanza na maza. Alianza ukutani, akaja kwenye plagi, akafungua akapima fyuzi, ni nzima. Akachomoa waya, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani itoke, akachomeka tena, akajaribu. Kimya. Ndipo akaenda kwenye pawasaplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vingine.

Hapa naomba kila mwenye desktop asome taratibu, kwa sababu hapa ndipo tunapoliwa hela. Pawasaplai haisubiri ubonyeze kitufe ndipo ianze kazi. Ikishachomekwa ukutani, na swichi yake ya nyuma kama ipo imewashwa, inatoa volti 5 muda wote hata kama mashine imezimwa. Umeme huo mdogo ndio unaoifanya maza isikie kitufe chako. Kwenye pawasaplai za kawaida, zile za plagi kubwa ya pini 24, umeme huo unapita kwenye waya wa zambarau. Unaweka ncha moja ya mita hapo na nyingine kwenye waya mweusi. Inatakiwa usome kati ya 4.75 na 5.25. Kwangu ilisoma sifuri.

Sifuri, wakuu! Maza haipati umeme kabisa, halafu mtu mzima anasema imekufa.

Ili asibaki na shaka, alizima, akachomoa ile plagi kubwa kwenye maza, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, kisha akarudisha umeme. Pawasaplai nzima ukiifanyia hivyo, kwa kawaida inajiwasha yenyewe na feni yake inazunguka. Yangu haikutikisika. Akaazima nyingine kwa jirani yake, akaifunga, akabonyeza. Mashine ikawaka. Maza ile iliyozikwa Kariakoo ikawaka mbele ya macho yangu, na ripoti ya yule mtoto imo ndani salama. Pawasaplai ya mtumba tumeipata kwa 35,000, na kuifunga ilikuwa skrubu nne tu na plagi zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimweleza yule fundi tangu mwanzo kwamba umeme ulikatika na kurudi usiku. Umeme ukirudi kwa kishindo, kinachopigwa kwanza ni pawasaplai, ndiyo iliyokaa kati ya ukuta na vitu vingine vyote. Na ile sehemu yake inayotoa volti 5 haipumziki mchana wala usiku, kapasita zake, yaani vile vijidude vya kuhifadhi chaji, zinachoka na joto miaka yote hiyo. Mgonjwa amekutajia dalili na wewe hata hujampima homa!

Na hata kama waya wa zambarau ungesoma vizuri, bado ilikuwa mapema kutaja maza. Kitufe chenyewe huharibika. Unachomoa nyaya zake kwenye maza, unagusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi sekunde moja, mashine ikiwaka basi tatizo ni kitufe. Wakati mwingine kifaa kimoja ndani kimepiga shoti na pawasaplai inagoma ili kujilinda, kwa hiyo unachomoa hadidiski, kadi na vinginevyo kimoja kimoja huku unajaribu. Vyote hivyo vikishindikana, na pawasaplai nyingine nzima imejaribiwa, hapo niambie maza na nitakuamini. Kazi yote hiyo haifiki saa moja.

(Wanaotaka kujaribu nyumbani: msifungue boksi la pawasaplai lenyewe. Ndani yake kuna kapasita zinazoshika umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya. Pimeni kwa nje tu. Na mashine nyingi za maofisini zina plagi na rangi zake, hazifuati hizi, angalieni maandishi ya ubavuni mwa pawasaplai kwanza.)

Sijamaliza. Mashine ilipowaka nikaona inakwenda kwa kujikokota. Tukaangalia, RAM, ile kumbukumbu mashine inayofanyia kazi ikiwa imewashwa, inasoma GB 4. Mimi nilinunua mashine ina GB 8, vipande viwili vya 4. Kipande kimoja hakipo, nafasi yake iko wazi. Nikapiga simu, jibu likawa "ilikuja hivyohivyo, mama", akakata. Sina karatasi ya kumwonyesha, na yeye analijua hilo. Siku nne za "spea haijafika" zilikuwa za nini?

Kwa hiyo nasema kwa mafundi, na najua wengi mnapita humu: mteja akileta mashine haiwaki, chukua mita, pima mbele yake, mwonyeshe namba. Akiiacha kwako, andika kwenye karatasi RAM ngapi, diski ya ukubwa gani, mweke sahihi wote wawili. Wapo wenzenu wanaofanya hivyo na wanaharibiwa jina na watu kama huyu. Wateja nao, kabla hamjaipakia kwenye bajaji, fungueni keisi mpige picha ndani, vipande vya RAM vionekane. Ningekuwa na picha moja tu, simu ile isingekatwa.

Sasa natafuta kipande cha RAM cha aina ya DDR3, GB 4, cha desktop. Mwenye nacho na aliye tayari kukijaribu kwenye mashine yangu nikiwa nimesimama pale, aniambie. Kariakoo kwa yule bwana sirudi.