Acheni kuwashauri wanaoanza wanunue mashine za progresivu

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitauma maneno. Kila anayeuliza mashine ya kwanza ya kujazia upya maganda ya risasi yaliyopigwa anajibiwa vilevile: "Nenda progresivu moja kwa moja, hiyo ya kalibu moja utaichoka." (Kalibu ni kifaa kinachofungwa kwenye mashine kulifanyia ganda hatua moja ya kazi.) Mnaojibu hivyo mnajua kinachoendelea ndani ya progresivu, na bado mnajibu hivyo!

Ukivuta mkono wake mara moja, maganda manne au matano yanafanyiwa kazi kwa mpigo: hili linabanwa lirudi kipimo chake na kutolewa fataki iliyolipuka (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), lile linatiwa baruti, jingine linapachikwa kichwa, kile kipande kinachoruka. Anayeanza bado hajajua mkono unavyohisi fataki ikikaa sawa, mnataka aangalie yote hayo? Kitu kikikwama, anazungusha sahani inayobeba maganda kurudi nyuma, na ganda lililokwisha pata baruti linapata tena. Chukua ganda la bastola la .38 Special: ni la enzi za baruti nyeusi, lina nafasi kubwa ndani. Kwa baruti nyingi za sasa dozi mbili zinaingia, na kichwa kinakaa juu yake kama kawaida. Ikipigwa hiyo, bastola inapasuka mkononi. Au ganda linapita bila baruti kabisa: fataki peke yake inasukuma kichwa kinakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaupasua.

Mashine ya kalibu moja inakulazimisha ufanye hatua moja kwa maganda yote. Ukishatia baruti, yanakuwa yamesimama kwenye trei, 50 kwa pamoja, midomo wazi. Mulika tochi kwa juu: lenye baruti nyingi au lililo tupu linajitenga na wenzake papo hapo. Ndiyo, utapata risasi 50 hadi 100 kwa saa. Kwa anayejifunza zinatosha kabisa. Asiyetaka kubadili kalibu kila mara achukue mashine ya kichwa cha kuzunguka, kinachoshika kalibu kadhaa, aifanyie kazi hivyohivyo, hatua kwa hatua.

Halafu umbo la mashine. Kwa maganda makubwa ya bunduki chukua fremu iliyofungwa pande zote, ya chuma cha kusubu. Iliyo wazi mbele, hasa ya alumini, inapinda kidogo unapobana ganda gumu, na vipimo vinayumba. Hakikisha tundu la kalibu ni la nyuzi za kawaida, kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa kila inchi. Angalia pia fataki zilizotumika zinaangukia wapi: mabaki yake mara nyingi yana madini ya risasi, hayafai kutapakaa sakafuni.

Kinachoniudhi zaidi ni mizani. Watu wanauza seti "kamili" yenye kimzani cha kusoma gramu kwa desimali moja. Greni 1, kipimo tunachopimia baruti, ni gramu 0.0648. Maana yake tarakimu ya mwisho ya mzani huo inaruka zaidi ya greni 1.5 kwa mkupuo, wakati kwa bastola tofauti kati ya dozi ya kuanzia na ya juu kabisa mara nyingi haifiki hata hapo. Huo si mzani wa kazi hii! Unatakiwa usome greni 0.1, uwe na mawe ya kuhakikishia, na dozi uitoe kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, kuanzia ya chini.

Na kabla ya kulaumu mashine, ulizeni kilainishi cha kupaka maganda. Kalibu za kabaidi (metali ngumu sana) kwa maganda ya bastola yaliyonyooka hazihitaji. Ganda lenye shingo, lililosinyaa kuelekea mdomoni, linahitaji: ukipaka kidogo mno linang'ang'ania ndani mpaka ukingo wa kitako unanyofoka, ukizidisha linapata mibonyeo begani.

Mtetezi wa progresivu aje hapa aeleze: ganda tupu likiwa tayari chini ya kalibu ya kupachika kichwa, anayeanza ataliona vipi?