Tairi ya mbele kushoto inachemka, ninunue kalipa nzima au nibadili raba tu?

Mtu wa Wete
Asalaam aleikum jamani. Nna Toyota Noah niko nayo huku Pemba, sasa tairi ya mbele kushoto inachemka mpaka ukisogeza mkono karibu na ringi unausikia moto, na usukani unavuta kushoto hata breki sijaigusa. Nikitoka Chake na vile vilima ndo usiseme, nafika nyumbani na harufu ya kuungua. Kuna fundi kaangalia kwa macho tu, tairi hata hajaitoa, kasema kalipa, yale machuma yanayobana pedi za breki, zote mbili za mbele zimekufa nunua mpya. Nimeuliza bei nikanyamaza kimya, na hapa hazipo mpaka ziagizwe Unguja au Dar zije na boti. Spana nnazo, jeki nnayo, na nimeona zinauzwa repea kiti, vifurushi vya kukarabatia kalipa, zina raba ya ndani na ya nje. Inafaa nifungue mwenyewe ama najitafutia balaa?

Spana Kumi
Wa aleikum salaam. Yakhe kwanza usinunue kitu chochote, hata hiyo repea kiti. Tairi kuchemka si lazima iwe kalipa. Tia kabari tairi za nyuma, piga jeki upande huo na uweke stendi au gogo la maana, jeki peke yake usiiamini. Mwambie mtu akanyage breki mara kadhaa aachie, we zungusha tairi kwa mkono. Ikiwa imekaza legeza kidogo tu ile nipo, kijiskrubu cha kwenye kalipa cha kutolea upepo. Mafuta ya breki yakiruka na tairi ikaachia hapo hapo basi presha ilifungiwa ndani na mara nyingi ni mpira wa breki, ule unaotoka kwenye bomba la chuma kuja kwenye kalipa. Kwa nje utauona mzima hauna hata ufa, kumbe ndani umevimba, ukikanyaga mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu lakini kurudi hayarudi. Hapo hata ukifunga kalipa mpya kutoka Japani tairi itachemka vile vile. Ikiwa umelegeza nipo na tairi bado ngumu, hapo sasa ndo kalipa yenyewe, ama pistoni inayosukuma pedi ama pini ambazo kalipa inatelezea.

Ukishajua rudi hapa useme. Na utoe pedi zote mbili uzitizame, ya ndani na ya nje, zimelika sawa au vipi.

Mtu wa Wete
Nimefanya. Nipo nimeilegeza yametoka matone tu, tairi bado ngumu vile vile. Nimetoa kalipa, pini ya juu inateleza vizuri, ya chini nimeitoa kwa kuigongagonga na imejaa kutu, raba yake imechanika. Pedi ya nje bado ina nyama, ya ndani imekaribia chuma. Pistoni nimejaribu kuirudisha kwa klempu haitaki kabisa.

Boti ya Asubuhi
Kaka mie nakushauri achana na mambo ya raba, tafuta kalipa ya mtumba mtaa wa Gerezani pale Dar, unaletewa kwenye boti siku ya pili unafunga unatembea. Repea kiti kazi yake kubwa, leo imefunga vizuri kesho inavuja, na breki ikivuja ukiwa unashuka kilima utamkumbuka mama yako.

Spana Kumi
Boti ya Asubuhi sikatai, kuna wakati mtumba ndo dawa. Lakini hiyo kalipa ya mtumba raba zake za ndani zina umri gani? Sawa na za kwake au zaidi, imekaa kwenye gari iliyovunjwa, silinda, lile tundu la pistoni, imekauka, hujui. Atafunga halafu masika hayajesha ikajam nayo. Ukinunua mtumba nunua kwa ajili ya chuma, raba utie mpya.

Sasa Mtu wa Wete, hiyo yako ina mawili. Pini iliyoganda ndo imefanya pedi ya ndani ilike peke yake, maana kalipa haitelezi kuivuta ya nje, pistoni inasukuma upande mmoja tu. Na pistoni nayo imeshika. Ile raba ya ndani, pete inayoizunguka pistoni, kazi yake si kuzuia mafuta tu. Ukikanyaga pistoni inatoka na ile raba inajipinda nayo kidogo, ukiachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, hakuna springi wala nini. Raba ikikauka au kutu ikajaa kwenye mfereji wake nyuma, inaibana pistoni hairudi. Kwa hiyo raba mpya bila kusafisha mfereji ni kazi bure, na hapo ndo mafundi wetu wengi wanapokosea, wanabadili raba kwenye uchafu ule ule.

Pistoni usiichomoe kwa bisibisi wala kwa plaizi, utaikwaruza. Kabla hujafungua mpira wa breki tumia breki yenyewe, kalipa iko nje, pedi hazimo, weka kipande cha ubao mbele ya pistoni na beseni chini, mtu akanyage polepole itatoka yenyewe. Kile kikopo cha mafuta juu kisikauke. Wapo wanaotumia upepo wa kompresa, inatoka kweli lakini inatoka kama risasi, vidole viwe mbali. Kalipa usiiache inaning'inia kwa mpira, ifunge na waya.

Ikishatoka itizame ile pistoni kwenye mwanga. Ikiwa ina vishimo vya kutu pale raba inapogusa, usijidanganye na msasa, tafuta pistoni nyengine. Ile nikeli au kromu yake ya juu ndo inayofunga, ukiisugua umeiua. Kutu ndogo ya ukingoni huko nje nje haina neno. Silinda ndani ikiwa na alama kidogo si tatizo kubwa, kwenye kalipa za aina hii raba inakaa kwenye mfereji na inafunga kwenye pistoni. Mfereji ukwangue kwa kijiti cha mbao au mswaki, si kwa msumari.

Mtu wa Wete
Ahsante sana, umenifungua macho. Kuosha nioshe na petroli? Na grisi natia ile ya bearingi?

Spana Kumi
Hapana hapana hapana. Petroli, dizeli, mafuta ya taa, grisi ya bearingi, vyote hivyo raba ya breki ikiguswa inavimba, na ikivimba umerudi pale pale. Osha na spiriti au mafuta ya breki yenyewe. Raba ya ndani na pistoni unapaka mafuta ya breki masafi unaisukuma kwa vidole gumba, ikienda tenge itoe uanze upya, usigonge. Pini unatia grisi ya silikoni, ile wanayouza maalum ya breki. Na tizama kwenye gari nyingi za Toyota pini moja ina kiraba kidogo mwishoni na nyengine haina, rudisha kila moja kwenye tundu lake. Zile washa, pete bapa za kopa za kwenye mpira, tia mpya.

Mafuta ya breki ni ya aina ya DOT 3 au DOT 4, soma kwenye kifuniko. Chupa iliyokaa wazi mwaka mzima dukani usiitie, mafuta haya yanavuta unyevu hewani na huku kwetu unyevu unaujua. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205 za selsiasi, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140, kwa hivo vilima vyako pedali inaweza kuzama. DOT 5 hiyo ni silikoni, usichanganye. Na yakimwagika kwenye rangi ya gari mwagia maji upesi, yanakula rangi.

Dada wa Jambiani
Naomba kuingilia. Mie nna gari ya kukodisha wageni, wanaipeleka mpaka mchangani kwenye chumvi, kila msimu breki shida. Gereji moja wametoa kalipa zote mbili za mbele wakaziosha wakarudisha, tokea hapo pedali inakwenda mpaka chini, unapampu mara mbili tatu ndo inashika. Wametoa upepo weee mpaka wamechoka, sasa wanasema masta silinda, ile pampu kuu ya breki, ndo mbovu.

Spana Kumi
Dada kabla hujatoa hela ya masta silinda chutama tu utizame nipo ziko wapi. Lazima ziwe juu. Wakifunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia nipo inakuwa chini, na upepo unakaa juu, watatoa mafuta mpaka chupa ziishe upepo hautoki.

Dada wa Jambiani
Ziko chini!! Zote mbili!

Spana Kumi
Basi. Wazibadilishe kalipa pande, watoe upepo tena, na wasikudai hata shilingi. Mpaka hapo usimpe mgeni hiyo gari.

Boti ya Asubuhi
Hahaha haya nimekubali mzee. Mie yangu ni ya nyuma, ina diski na hendibreki iko humo humo kwenye kalipa, pistoni nimeibana na klempu haisogei kabisa, nayo imejam?

Spana Kumi
Itoe klempu hiyo haraka. Hiyo pistoni ina nyuzi ndani kama za bolti, hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa kuzungushwa huku unaikandamiza. Nyingi zinazungushwa kulia, chache kushoto. Ina mikato usoni, tafuta kifaa chake au plaizi ya ncha mbili, na ukimaliza ule mkato ukae sawa na kile kijipini cha nyuma ya pedi.