Mwalimu akistaafu: mkupuo mkubwa au pensheni kubwa ya mwezi?

Wadau, kila kikokotoo (kanuni ya kugawa mafao ya mstaafu kati ya mkupuo, yaani hela ya mara moja, na pensheni ya kila mwezi) kinapotajwa inarudi hoja ileile: mstaafu akishikishwa hela nyingi atazitafuna ndani ya mwaka, heri apewe kidogo kidogo. Mimi naipinga, kwa sababu ya mwalimu mmoja wa Kasulu, Kigoma, aliyenifundisha hesabu darasa la tatu kwa visoda.

Alipangiwa kijijini kwetu 1985 akiwa kijana aliyetoka tu chuo cha ualimu, na hakuhama hadi alipotimiza miaka 60 mwishoni mwa 2022. Muda wote huo aliishi nyumba ya shule. Daftari zangu za darasa la saba alininunulia yeye, na si mimi peke yangu. Akipita njiani asubuhi, hata wazee waliomzidi umri walimpigia makofi ya salamu, kama desturi yetu Waha.

Chini ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa wakati ule, alijua mkupuo wake ungekuwa asilimia 50 ya mafao. Julai 2022, miezi michache kabla hajatoka kazini, ikawa 33. Alikuwa na kiwanja Kasulu mjini, kuta za tofali za kuchoma zimeshafika lenta, na mkupuo ndio ulikuwa upaue. Ulipoingia, akamalizia mkopo wa benki, akalipa ada ya mtoto wa mwisho, hela ya bati ikakosekana. Nyumba ya shule ilibidi aikabidhi, maana mwalimu mpya naye alihitaji pa kulala. Akapanga vyumba viwili.

Alifariki 2023, presha. Mjane wake alikataa mumewe aagiwe kwenye nyumba ya kupanga, kwa hiyo turubai la msiba tulilifunga juu ya kuta zake zisizo na paa. Mvua ilinyesha usiku wa kwanza. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wana wajukuu sasa, walisimama wakishika kingo za turubai maji yasitue kwenye jeneza.

Nakubali kwamba sehemu ya mwezi ilipanda kutoka 50 hadi 67, na atakayeishi miaka 20 atafaidika. Nakubali pia mfuko ulikuwa na hali mbaya. Ila sababu kubwa mojawapo ilikuwa deni la serikali kwa miaka ya kabla ya Julai 1999, ambayo watumishi hawakuwa wanachangia. Deni hilo hakulikopa mwalimu. Mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wa 50, yeye alishazikwa.

Tulimkabidhi watoto wetu miaka 37, iweje tuone hawezi kukabidhiwa hela zake? Mwalimu wa kijijini hana nyumba nyingine zaidi ya ile ya mkupuo. Msimamo wangu ni kwamba kila mstaafu achague mwenyewe, kuanzia 25 hadi 50, na kinachobaki kiende kwenye mwezi.

Walimu mnaokaribia 60, hasa mlioko Buhigwe, Kakonko na Uvinza: mngepewa fomu leo mjaze wenyewe, mngeandika asilimia ngapi, na kwa nini?