Viwavijeshi vamizi: mbona hawaondoki?

Mkulima wa Magu: Ndugu zangu, majani ya mahindi yangu yametobolewa, na moyo wa mmea umejaa kinyesi kama unga wa mbao. Viwavijeshi tuliowazoea hula kwa makundi kisha hupita. Hawa mbona wamebaki?

Jibu: Hao ni viwavijeshi vamizi, wenye asili ya bara la Amerika, walioripotiwa Afrika mwaka 2016. Kwa kuwa hawana kipindi cha kulala, yaani kusimamisha ukuaji majira yanapokuwa mabaya, joto la huku kwetu na mahindi ya kiangazi yanayomwagiliwa kando ya Ziwa Victoria huwawezesha kuzaliana mwaka mzima. Mtazame kichwani: ana alama ya Y iliyopinduka.

Jibu: Ponda mayai yao mapema, maana viwavi wakishazama kwenye moyo wa mmea dawa haiwafikii vizuri.

Mkulima wa Magu: Alama nimeiona.