Nimemaliza Biblia nzima lakini hasira bado ninayo: naomba ushauri

Kalamu Nyekundu (mwenye uzi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni baba wa watoto wawili, na mwaka uliopita nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nibatizwe: nilisoma Biblia yote, Mwanzo hadi Ufunuo, kwa ratiba ya sura tatu au nne kila alfajiri. Nilianza kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu yule yule, hasa kwa upande wa hasira, maana mdomo wangu ni mkali na walio nyumbani ndio wanaoumia. Nilimaliza, nikamshukuru Mungu, nikaanza tena.

Wiki iliyopita nilikuwa katika Yakobo 1:19, pale panaposema kila mtu awe mwepesi wa kusikia, asiwe mwepesi wa kusema wala kukasirika. Nilikuwa naupigia mstari huo huo kwa kalamu nyekundu, ndipo binti yangu wa miaka tisa alipokuja na daftari la hesabu kuniuliza swali. Nilimfokea. Nilimuuliza kama haoni kwamba ninasoma Neno la Mungu. Akaondoka kinyumenyume bila kunipa kisogo, kama mtu anayemkimbia mbwa asiyemjua, nami nikabaki na kalamu mkononi, mstari umetoka hadi nje ya ukurasa.

Je, niendelee na ratiba, nibadilishe namna ya kusoma, au shida yangu si ya kusoma kabisa? Rafiki yangu mmoja ameniambia kwamba kama kweli ningekuwa kiumbe kipya, kwa mujibu wa 2 Wakorintho 5:17, hasira ingekwisha siku ile ile nilipookoka. Kauli hiyo inanikosesha usingizi.

Msomaji wa Polepole

Mpendwa, Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka lazima asome zaidi ya sura tatu kila siku, na hapo ndipo mtu anapoanza kusoma ili amalize. Silaumu ratiba hizo, kwani zinampa mtu picha ya Maandiko yote, na picha hiyo sasa unayo. Lakini Zaburi 1 inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na kitenzi cha Kiebrania kilichotumika pale ndicho hicho kilichotumika katika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Simba hana haraka na kilichokwisha kuwa mikononi mwake. Ushauri wangu ni ukae na sura moja, kwa mfano hiyo ya kwanza ya Yakobo, mwezi mzima.

Mama Mlezi

Mimi nitakuwa na neno fupi, baba. Kabla ya ratiba yoyote, umemwomba mtoto msamaha? Katika Mathayo 5:23-24 Bwana anamwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni aiache sadaka yake pale pale, akapatane kwanza na ndugu yake. Alfajiri yako ndiyo madhabahu. Nenda, na usimwambie kwamba ulikuwa umechoka.

Mwalimu wa Jumapili

Naomba nijibu hoja ya yule rafiki, kwa sababu nimeona watu wakivunjika moyo kabisa kwa kauli ya namna hiyo. Petro alikuwa na Bwana, alihubiri siku ya Pentekoste, na bado katika Wagalatia 2 tunamkuta Antiokia akijitenga na watu wa Mataifa aliokuwa akila nao, kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, hata Paulo akampinga ana kwa ana. Hakuna mahali ambapo Paulo anasema Petro hakuwa ameokoka. Tena yupo kipofu wa Bethsaida katika Marko 8, ambaye baada ya kuwekewa mikono mara ya kwanza aliona watu kama miti inayotembea, na Bwana akamwekea mikono mara ya pili. Kuona nusu hakukuwa dalili kwamba hajaguswa.

Jambo la pili ni lugha yenyewe. Warumi 12:2 katika Kiswahili inasema "mgeuzwe", haisemi mgeuke. Anayegeuzwa anageuzwa na mwingine, na kwa bahati njema watafsiri wetu walilinda jambo ambalo limo pia katika Kigiriki. Nahisi wewe uliiendea Biblia kama mtu anayejirekebisha kwa kitabu, kisha ukajipima kwa idadi ya sura. Jaribu kusoma huku ukiomba, ukitaja hasira yako kwa jina mbele za Mungu, ukimtaja na huyo binti.

Mtendaji

Nakubaliana na Mwalimu, ila nina wasiwasi kwamba msomaji mvivu atalichukua hilo la "mgeuzwe" akalale nalo. Waefeso 4 inasema tuvue utu wa zamani na kuvaa utu mpya, na hakuna anayevuliwa shati akiwa ameling'ang'ania. Tazama mwizi wa mstari wa 28: haambiwi tu aache kuiba, anaambiwa afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Kwa hiyo swali langu kwako ni la vitendo: mtoto akija tena na daftari, utafanya nini mahali pa kufoka? Amua sasa, kabla hajaja. Mimi niliamua kufunga kitabu kwanza ndipo nifungue kinywa, na sekunde zile za kukifunga zimeniokoa mara nyingi, ingawa si mara zote.

Kalamu Nyekundu (mwenye uzi)

Nawashukuru nyote, hasa Mama Mlezi, ambaye jibu lake nililisoma mara nne nikitafuta namna ya kulikwepa. Ratiba nimeisimamisha. Nimebaki na Yakobo 1 peke yake, na ninaisoma kwa sauti ya chini.

Jana jioni nilimwita binti yangu nikamwambia kwamba nilimkosea, na kwamba lile swali lake lilikuwa na haki ya kujibiwa. Alinyamaza kidogo, akachezea pembe ya daftari, kisha akaniuliza kama kesho aje na maswali yake kabla sijafungua Biblia au baada ya kuifunga. Nikamwambia aje wakati wowote. Sijui kama ameniamini. Leo alfajiri mlango niliuacha wazi, lakini hakuja.

Mama Mlezi

Uache wazi na kesho, baba.